Neno Nililomwambia Baba Mkwe

Doa lile jeusi kwenye unyayo wa baba mkwe tulidhani ni utomvu wa migomba. Pale kijijini kwetu Gesima nani hakuwa na utomvu mwilini? Naye tangu utotoni alikwenda pekupeku, shambani na kanisani. Alilisugua kwa jiwe mtoni kila jioni. Lilipoanza kutoa damu alivaa gambuti, na hakuzivua tena mbele ya watu.

Mama mkwe alikuwa amefariki, mume wangu alifanya kazi Kericho, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka hospitali mjini. Si jambo dogo. Kwetu Wagusii mke wa mwana na baba mkwe hawapeani hata mkono. Chakula chake nilikiweka mezani nikatoka. Hiyo ndiyo ensoni, haya inayoshikilia boma. Njiani nilitembea nyuma yake, mbali.

Daktari alikuwa mtu wa upande wa ziwa, hajui Kigusii. Baba mkwe naye hakujua Kiswahili. Nikawa mdomo wao. Daktari alimvua gambuti, akautazama sana unyayo ule.

"Hii ni kansa ya ngozi, ya aina isiyoonekana mara nyingi. Ikiwa iko hapa tu, tutakata mguu na mzee ataishi. Ikishapanda, huenda mapafuni. Muulize kama ana mtoki, uvimbe wa kinenani."

Nikaikaza leso yangu kiunoni.

"Mama, muulize."

"Siwezi, daktari. Ni baba mkwe wangu."

"Hata mimi nina wakwe. Muulize."

Mficha maradhi, kilio humuumbua, najua. Lakini aliyetunga methali hiyo hakuwahi kusimama mbele ya baba mkwe wa Kigusii. Niliinamia sakafu nikalitamka neno lile kwa lugha yetu, waziwazi, na uso wote ukaniwaka. Mzee aliinuka. Alivaa gambuti zake akatoka. Daktari alimfuata hadi mlangoni akimsihi kwa mikono, lakini wapi.

Hakurudi tena hospitali. Mume wangu alikuja kumbembeleza, akaambulia patupu. Chakula changu kilibaki mezani hakijaguswa, mzee akala kwa ndugu yake. Nilikuwa nimefanya nililotakiwa kufanya, na bado niliona aibu mpaka nikawa nachota maji kwa njia ya mbali nisikutane naye. Majirani waliuliza mzee ameudhiwa na nini. Ningewaambia nini, mimi?

Wimbi ulipokaribia kuvunwa alianza kukohoa, kikohozi kikavu kwanza, kisha cha damu. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Mchana mmoja nilimkuta amelala juani kwenye ngozi ya ng'ombe, anatafuta pumzi. Niliweka uji kando yake, nikageuka niondoke.

"Mokamwana," aliniita, ndiyo kusema mke wa mwanangu. Uso alikuwa ameuelekeza ukutani.

"Ee, tata," niliitika, yaani baba.

"Lile uliloniuliza mjini." Alivuta pumzi, ikachelewa kuja. "Lilikuwepo. Mwambie daktari."

"Nitamwambia, tata," nilisema, nikiwa nimempa mgongo, kama heshima inavyotaka.