Nilipokea Isale, Sasa Kaburi la Mume Wangu Liko Shamba la Shemeji

Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa admin, naomba usitaje jina langu wala kijiji changu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mkulima wa kahawa na ndizi huku juu Meru, nimesoma hadi darasa la saba. Mume wangu alifariki mwaka jana wakati wa masika. Alikuwa mtu wa kimya. Asubuhi alikuwa akinipulizia chai kabla ya kunipa kikombe, maana mimi hunywa kwa haraka. Sasa naungua ulimi kila siku.

Tulimzika upande wa juu wa shamba, katikati ya kahawa alizozipanda mwenyewe. Hata machozi hayajakauka, shemeji yangu, mdogo wake, akang'oa masale ya mpakani akayapanda upya karibu kabisa na jiko langu. Kwetu masale ndiyo mpaka, hakuna anayeuliza karatasi. Kahawa na kaburi vikawa upande wake. Nilipomuuliza, alinijibu mbele za watu, "Wewe ulikuja hapa na kanga tu. Kahawa ulikuja nayo?"

Nikapeleka shauri baraza la kata. Kabla ya siku ya kusikilizwa, shemeji akaja nyumbani na wazee wawili wa ukoo, ameshika jani la isale, mmea ule ule wa mpakani. Akapiga magoti. "Shemeji, nilikutukana. Nisamehe."

Wasomaji wa mbali mjue: kwetu mtu akikuletea isale humkatalii, hata kama amekuulia mtoto. Nililia, nikalipokea. Nilidhani anayepiga magoti anarudisha na mpaka. Nikawapikia ndizi, wakala, wakaniombea.

Barazani akasimama kwa utulivu. "Waheshimiwa, sisi tumeshamalizana nyumbani."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, ulipokea isale?"

"Nilipokea, lakini lilikuwa la matusi, siyo la..."

"Isale halina lakini. Na chakula uliwapa?"

"Niliwapa."

"Basi kesi mmeshaila na ndizi," mzee mmoja akasema. Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu kwa aibu, na tabasamu lile linaniuma mpaka leo.

Tulipotoka, mama mmoja mjumbe wa baraza alinivuta pembeni. "Mdogo wangu, sisi kazi yetu ni kusuluhisha tu. Wa kuamua ni baraza la wilaya, huko mjini. Bado unaweza kwenda." Nilimshukuru, lakini habari zikafika kwenye ukoo. Wakaniita, wakaniambia kuwa aliyepokea isale kisha akarudi kushtaki anawaletea watoto wake laana. Binti yangu anaishi Lemara, huko mjini, ana mimba yake ya kwanza. Yeye anasema, "Mama, lile ni jani tu. Twende, nitakusindikiza." Anasema kirahisi, na ndiye huyo huyo ninayehofia laana isimpate.

Wiki hii shemeji ameanza kung'oa kahawa. Anataka kujenga banda la ng'ombe. Nilimuuliza, "Na kaka yako je?" Akacheka. "Kaka amelala, shemeji. Ng'ombe hawatamwamsha."

Matusi nilimsamehe kwa moyo wangu wote, na msamaha huo bado upo. Shamba sikumpa. Je, nikienda wilayani nitakuwa nimevunja neno langu? Au nikae kimya, niwe nasikia ng'ombe wakikanyaga pale alipolala mume wangu? Ninyi mliokutana na mambo haya, na hasa mliolelewa kwenye mila hii, niambieni mngekuwa mimi mngeshika njia ipi. Nitasoma yote, hata ya kunikemea. Na mkipiga magoti kusali, mnikumbuke.