Kifurushi cha Kupima Unyevu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa. Mkuu wa Idara ya Kompyuta, Mzee Kaaya, alipokea shikamoo yangu, akanionyesha mashine mbili zilizofunikwa kwa nailoni, akasema, "Kabla hujajua kuandika programu, jua kupangusa vumbi." Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu kwenye bahasha. Nikapangusa mpaka saa ya chai.

Kampuni yetu iliuza mbegu za mahindi na maharage. Ofisi ilikuwa mjini, Themi, na ghala nje ya mji, Kisongo. Mwanzoni lilikuwa shirika la umma, kisha likauzwa kwa watu binafsi kama mengine mengi ya enzi ile, na sisi tukauzwa pamoja na viti na meza.

Programu zetu tuliziandika kwa lugha ya Perl. Lugha ya kompyuta nayo hutolewa toleo jipya kila baada ya muda, na juu yake unapachika vifurushi, yaani kazi ambazo mtu mwingine ameshaziandika ili wewe usianze upya: hiki cha kusoma tarehe, kile cha kuchora grafu. Ukipandisha toleo, vifurushi havikufuati vyenyewe. Ninyi vijana mnaandika amri moja, mnakwenda kunywa chai, mkirudi kila kitu kimehama. Sisi vilitufikia kwenye diski, kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa laini ya simu ilikatika kabla faili halijafika nusu.

Vifurushi vilikuwa vya aina mbili. Vilivyokuwa maandishi matupu ulivinakili ukavijaribu, na mara nyingi vilikubali. Vile vyenye sehemu iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine ilibidi vijengwe upya kwa toleo jipya. Asiyejua alibeba folda nzima kutoka toleo la zamani, akaimwaga kwenye jipya, kisha akashinda wiki nzima akimtafuta mchawi.

Mzee Kaaya alikuwa na utaratibu wake. Toleo jipya liwekwe kando ya la zamani, na la zamani lisiguswe. Vifurushi vihame kimoja kimoja, ukianza na vile ambavyo vingine vinavitegemea. Mwisho, yape matoleo yote mawili kazi ileile, ulinganishe majibu. "Kompyuta kutolalamika si kukubali," alikuwa akisema. "Pima." Nilimwona mkorofi, kusema kweli, mpaka nilipoanza kusema hivyohivyo mwenyewe.

Baadaye akaletwa Meneja wa Mifumo, kijana mpole aliyesoma nje, akawekwa juu ya Mzee. Mambo mawili yalikuja naye: toleo jipya la Perl, na kupunguza wafanyakazi. Kila mtu alijua kwa nini Mzee Kaaya bado alikuwapo. Alikuwa ameandika mwenyewe kifurushi kilichopokea vipimo kutoka kwenye mashine ya kupima unyevu kule ghalani. Mbegu ikifungwa guniani kabla haijakauka huota ukungu, na mkulima wa kijiji kama Kikwe anafukia ardhini kitu kilichokufa. Kifurushi hicho hakuna mwingine aliyeweza kukitengeneza, na Mzee alikuwa bado ana watoto shuleni.

Ila watengenezaji wa mashine ile nao walikuwa wametoa kifurushi chao, kwa ajili ya toleo jipya. Meneja akaniita.

"Dada Elinami, ukimaliza kuhamisha nataka jibu moja tu. Kifurushi cha Mzee tunakihitaji au hatukihitaji?"

Nilikijenga upya cha Mzee mwisho, baada ya vingine vyote. Kikakubali. Nilifurahi sana, nikaamua niishie hapo: ningesema kimehama na kinafanya kazi, na huo ungekuwa ukweli. Mzee akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Umekilinganisha na kile kipya?"

"Kimekubali, Mzee. Kuna haja gani tena?"

"Vingine vyote umelinganisha."

"Mzee wangu, si unajua wanachokitafuta?"

"Najua. Twende Kisongo."

Tukaenda. Tulichota mahindi kwenye magunia mabichi na makavu, tukayapima kwa kifurushi chake na kwa kile kipya. Kisha tukafanya kipimo kisichobishaniwa: unapima uzito wa mahindi, unayakausha kwenye oveni, unapima tena, na kilichopungua ndiyo maji. Kifurushi kipya kilizingatia joto la ghala. Cha Mzee hakikuzingatia, kwa hiyo siku ya baridi kali kiliyaita makavu mahindi ambayo bado yalikuwa na maji. Mzee aliyasoma majibu mstari kwa mstari.

"Kimenizidi," akasema. Halafu akaanza kukusanya vyombo.

Kesho yake nilimwambia Meneja kwamba hatukihitaji. Nikaongeza, "Lakini mwenyewe tunamhitaji."

"Hilo sikukuuliza, dada," akajibu, bila ukali.

Mwisho wa mwezi Mzee Kaaya akaondoka. Niliumia, na sikupata mtu wa kumkasirikia.

Mimi nilibaki, nikaja kuwa mkuu wa idara ileile, na sasa nami nimestaafu. Nikiulizwa kazi yetu ilikuwa nini, nasema ilikuwa kuamua kipi kinaendelea na kipi kinaachwa, na wengi hudhani natania. Mara mojamoja nakwenda Kikwe kumsalimia Mzee. Ana ng'ombe wawili, na maharage yake yanapendeza. Habari ya kifurushi hatujawahi kuigusa. Mke wake hunikaribisha kwa maneno machache, ananiandalia, kisha anaondoka. Nilikuwa nimeshazoea.

Safari iliyopita hakuondoka. Alikuwa akinimiminia chai, akauliza bila kuniangalia, "Hivi mwanangu, siku ile hukuweza kunyamaza?"

Mzee akaweka kikombe chake chini.

"Mimi ndiye niliyemwambia apime, Mama Aneth."

Mama akaacha kumimina. Alimgeukia mumewe na birika mkononi, nami nikaelewa kwamba miaka yote ile Mzee hakuwahi kumwambia.