Majina ya Wachumba Yaliyotupwa Kwenye Kontena la Taka

Saa mbili asubuhi, ghala la Darlene Quimby lina baridi ya kuuma vidole. Ameinamia fremu ya dirisha iliyolazwa mezani, kisu chembamba mkononi, anabandua puti, ule udongo unaoshikilia kioo, iliyokauka kabla bibi yake hajazaliwa. Hatumii nguvu. Anaielekezea mvuke, anangoja, anasogeza kisu kidogo, anangoja tena.

Kioo kinatoka kizima. Anakiinua kuelekea mlangoni, jua la Aprili linakipiga kwa ubavu, na maandishi yanajitokeza: Idella, 1903.

"Huyu ndiye wenzangu waliyemwita mkwaruzo," anasema. "Wakamtupa."

Darlene, mwenye umri wa miaka 63, ni fundi wa madirisha hapa Tarbell Corners, Vermont. Tangu wiki iliyopita anafanya kazi isiyo na malipo, kazi ambayo isingekuwepo kama watu wazima na akili zao wangeuliza kabla ya kung'oa.

Duka la Tarbell lilijengwa mwaka 1868 pale njia panda. Liliuza misumari, jibini, mabuti na stempu. Lilipofungwa mwaka 1998, Jumuiya ya Historia ya kijiji ililinunua ili lisibomolewe. Jumuiya ina wanachama 34, na katiba yao, waliyoiandika wenyewe, inataja neno "kuhifadhi" mara tisa. Mwandishi amehesabu.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mzaliwa wa hapa alilisikia utotoni. Msichana akivishwa pete ya uchumba, alipelekwa dukani. Mwenye duka alimwonyesha kioo cha dirisha la mbele, naye akachora jina lake kwa almasi huku watu wakimtazama. Ikikwaruza, pete ni ya kweli na kijana anapewa sigara nene ya bure. Ikiteleza, kijana ana maelezo ya kutoa.

"Ya Leland, mchumba wa rafiki yangu, iliteleza kama sabuni," anakumbuka Winifred Sprague, mwenye miaka 89, ambaye kijiji kizima humwita Bibi Winnie. "Akasema eti kioo ndicho kibovu! Rafiki yangu akaivua palepale, akamtumbukizia mfukoni. Tulicheka mpaka mzee Tarbell akatufukuza dukani."

Pete ya Bibi Winnie ilikwaruza vizuri. Jina lake liko dirisha la pili, mwaka 1957, na pembeni yake, kwenye kioo cha jirani, liko la dada yake Hester, aliyevishwa pete kiangazi hichohicho. Hester alifariki miaka mitatu baadaye akijifungua. Mwaka 1964 nyumba ya wazazi wao iliungua, barua na picha zote zikateketea.

"Sina mwandiko mwingine wa dada yangu," anasema. "Nimebaki na huo wa dukani tu."

Jumamosi ya pili ya mwezi huu ilikuwa siku ya kazi ya Jumuiya. Kama ada, wanachama walifika na glavu, donati na maoni mengi. Darlene hakuwepo, kwani alikuwa safarini kwenda kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Karatasi ya kazi, yenye saini ya mwenyekiti Everett Colburn, ilisema hivi: "Madirisha ya mbele yameoza, vioo vina mikwaruzo mibaya. Yaondolewe." Kufikia saa sita mchana fremu zote nane, mbili za kila dirisha, zilikuwa ndani ya kontena la taka, chini ya mabaki ya zulia.

Hakuna hata mmoja aliyesoma kilichoandikwa. Ni kweli, rafu ziliyaziba madirisha hayo kwa ndani tangu duka lifungwe, na kwa nje majina husomeka kinyume, tena yamejaa vumbi. Lakini hawa ni watu waliolelewa na hadithi ya pete. Mmoja wa waliobeba fremu ni kitukuu wa huyo huyo Idella. Alimbeba mama wa bibi yake mikononi, akaenda kumtupa na zulia.

Na mwandishi wa makala haya alikuwepo. Alishika ngazi, akala donati mbili. Kwa hiyo aibu hii hatamtwisha mwenyekiti peke yake.

Darlene alipita pale Jumapili jioni akitoka ubatizoni, amevaa nguo zake za kanisani.

"Nilidhani tumeibiwa," anasimulia. "Nikaona mashimo manne yamezibwa kwa mbao. Nikachungulia kontenani, nikaiona rangi yangu. Fremu zile nimezipaka mimi, kwa mkono wangu, miaka tisa. Nikaingia."

Aliingiaje, na goti lake lile la kulia linalomsumbua?

"Kwa hasira. Hasira ni ngazi nzuri, we acha tu."

Alitoa fremu saba zikiwa nzima na ya nane ikiwa imevunjika kona. Uozo aliouona, anasema, unaenea kwenye kiganja. Kati ya vioo 48, vitatu vilikuwa vimepasuka. Viwili ni vitupu, havina jina. Cha tatu ni cha Hester, na ufa umepita katikati ya jina.

Darlene hakuzaliwa na ufundi huu. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha viti, na kilipofungwa alikuwa na miaka 44, hana kazi wala cheti. Fundi mmoja mstaafu alimfundisha kubandua puti kwa sharti moja, kwamba asimwambie mteja atupe dirisha linaloponyeka. Mwaka jana alipata dola elfu thelathini na moja kabla ya kodi. Ameshakosa kazi tatu kwa kukataa kufunga madirisha ya plastiki.

"Watu wananiambia, Darlene, wewe mkaidi kama nyumbu. Nawaambia nyumbu angalau hatupi mizigo ya watu."

Colburn, mhasibu mstaafu mwenye miaka 71, alihamia hapa miaka kumi na moja iliyopita. Kwa hesabu ya kijiji, bado hajafungua masanduku. Alimpokea mwandishi kwa kahawa na hakukwepa swali hata moja.

"Bwana, mimi si adui wa historia," alisema. "Tumepewa madirisha mapya ya plastiki bure na mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi. Hayapitishi upepo. Wazee wetu wanaganda kwenye mikutano, mwenyewe umewaona. Nilipoambiwa habari za majina niliumia sana. Ndiyo maana napendekeza tukate vile vipande vyenye majina, tuvitie kwenye fremu nzuri, tuvitundike ukutani na maelezo yake chini."

Darlene aliposomewa maneno hayo aliweka kisu chini.

"Akate? Kioo kizee namna hii ukikikata kinakupasukia mkononi. Yeye ameshakata vingapi? Na huo upepo anaoulalamikia ni puti tu, puti imekwisha! Miaka minne naomba ruhusa niweke mpya, bure, jasho langu. Kila mwaka naambiwa, dada, tusubiri bajeti, dada, tusubiri kamati. Plastiki ilipokuja haikusubiri hata wiki moja."

Hapo ndipo mtu anaposhindwa kutulia. Chama kilichoundwa ili vitu vya kale visitupwe kimekwenda kutupa kitu pekee dukani kilichoandikwa na wateja wenyewe. Mizani ya chuma imebaki, mapipa yamebaki, yanang'arishwa kila mwaka, na mapipa kama hayo yapo katika kila duka la kale kuanzia hapa hadi mpaka wa Kanada. Kilichokuwa chetu peke yetu tulikiona uchafu.

Uamuzi ni Alhamisi hii, kwenye mkutano mkuu, baada ya maharage na nyama katika chumba cha chini cha kanisa. Wanachama watapiga kura: plastiki ifungwe na majina yatundikwe ukutani, au madirisha ya zamani yarudi mahali pake. Darlene amekwenda nyumba kwa nyumba katika matope ya msimu huu, ambayo yalilimeza gari lake mara mbili. Anasema ana kura kumi na nne za uhakika. Anahitaji nne zaidi.

Jumatatu alikwenda pia kwa Bibi Winnie, katika nyumba ya wazee, akiwa amebeba kioo cha Hester ndani ya blanketi. Amekiunga kwa gundi ya vioo, na ufa unaonekana kama unywele. Bibi Winnie alipitisha kidole juu ya jina, taratibu, herufi moja moja, mara mbili. Kisha akauliza ni nani aliyekivunja.

"Sisi," Darlene akamjibu. "Sisi wa Jumuiya."

Mwandishi alimweleza bibi pendekezo la mwenyekiti, kwamba jina la Hester na lake yatundikwe ukutani vizuri, na maelezo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya blanketi.

"Ukutani hutundikwa marehemu, mwanangu," akasema. "Hester sawa, Mungu alishamchukua. Lakini mimi bado nakula uji wangu, na juzi nimemfunga muuguzi karata mara tatu. Huyo Everett ana haraka gani na mimi?"

Mipango ya Darlene ni mifupi. Atamaliza puti kesho. Alhamisi fremu zote nane zitakuwa kwenye gari lake nje ya kanisa, zimefungwa kamba, tayari kwenda dukani usiku uleule kura zikitosha. Kiti cha abiria ni cha Bibi Winnie, na nyumba ya wazee imeshatoa ruhusa.

Je, asipozipata hizo nne kabla ya mkutano?

"Nitamketisha mbele kabisa, karibu na meza ya mwenyekiti, na kioo cha dada yake mapajani," anasema Darlene, akichukua kisu chake tena. "Anayetaka plastiki ainue mkono huku anamtazama usoni."