Magunia matatu ya profesa na mwanamke anayesoma kutu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumatatu. Katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja anavaa glavu za pamba, anavuta taa ya mezani na kuinua karatasi moja kwa ncha za vidole. Hasomi kilichoandikwa. Anatazama kutu.

"Ona hapa," anasema, akionyesha alama ya kahawia pembeni. "Kibanio kimekaa hapa miaka thelathini. Kimeota kutu, na kutu ikahamia kwenye karatasi iliyolala juu yake. Nikiipata yenye alama kama hii mgongoni, najua zilikuwa jirani."

Wenzake wanamwita Mama Kutu. Jina lilitungwa na mlinzi wa getini, na mwenyewe halimkeri. "Wapo wanaoitwa majina mabaya zaidi, na hakuna kazi waliyofanya," anasema.

Kazi yake ni kupokea na kutunza karatasi za maprofesa wa chuo hicho: barua, madaftari ya utafiti, maandalizi ya masomo, hata hotuba ambazo hazikusomwa. Ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Nyuma yake yamepangwa maboksi 612 ya maprofesa thelathini na wanne. Kwenye hati ya mshahara bado anaandikwa "msaidizi wa maktaba", cheo alichoanza nacho, ingawa hakuna mwingine wa kumsaidia.

Leo mezani pana kazi ya profesa wa maji aliyefariki mwaka jana. Kwa miaka thelathini na minane, kila Jumamosi, profesa huyo alikwenda kupima kina cha mto unaopita nyuma ya mji. Alitumia karatasi moja kwa kila Jumamosi. Aliandika siku na mwezi, mwaka hakuandika. Za mwezi mmoja alizibana pamoja, kisha akazilaza juu ya za mwezi uliotangulia. Kwake mwaka ulijulikana kwa mahali karatasi ilipolala.

Binti yake alipokuwa akihamisha vitu vya marehemu, alizitia zote kwenye magunia matatu.

"Nilidhani nasaidia," anasema binti huyo, mwalimu wa shule ya msingi. "Hazikuenea, nikazishindilia kwa mguu. Nilipomwambia Mama Kutu kwenye simu, aliniambia nisiguse tena hata karatasi moja."

Idara ya maji inazihitaji karatasi hizo ili ijue mto hufurika kila baada ya miaka mingapi. Lakini kina cha maji kisichokuwa na mwaka hakiisaidii. Mwenyekiti wa kamati ya maktaba naye alisema wazi: rafu tupu zimebaki nane, na magunia hayapandi kwenye rafu. Kamati inakaa Ijumaa. Karatasi zisipokuwa na mpangilio, zinakwenda kusagwa.

Mama Kutu hakumlaumu binti. Mwaka wake wa kwanza kazini, yeye mwenyewe alizipanga upya karatasi za profesa wa hesabu kwa tarehe, akatoa pini zote, akafuta vumbi. Zilipendeza. Kisha akaja mwanafunzi wa zamani wa profesa huyo, akazitazama.

"Akaniambia, 'Mama, umefanya usafi mzuri sana, lakini profesa alipanga kwa maswali. Sasa hakuna anayejua alitoka wapi akafika wapi.' Nilikwenda kulia chooni. Tangu siku ile, siondoi hata uzi kabla sijapiga picha."

Kwa magunia hakukuwa na cha kupiga picha. Akaanza na kalenda. Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu haiangukii Jumamosi kila mwaka. Katika miaka thelathini na minane huangukia mara tano au sita tu. Hapo miaka mingi ikaanguka yenyewe. Kilichobaki aliiachia kutu, mwezi juu ya mwezi, wiki tatu mfululizo.

Nyumbani walimchoka. "Kabati letu la vyombo ukilifungua sufuria zinakuangukia," anasema kitinda mimba wake. "Lakini za profesa, hata kibanio kililala upande gani, anajua."

"Sufuria hazina historia," mama akamjibu. "Na kabati lina mlango, lifunge."

Jumatano ya wiki ya tatu mnyororo ulikuwa umeungana, lakini haukuwa na pa kufungwa. Alijua mwezi upi ulifuata upi. Hakujua mnyororo mzima uanzie mwaka gani, kwa kuwa kalenda hujirudia kila baada ya miaka ishirini na minane, na hakuna aliyekumbuka profesa alianza au aliacha lini kupima. Ndipo akaona maneno madogo chini ya karatasi moja: "Sentimita 140. Mtoto wa kike, alfajiri ya leo." Akampigia simu binti wa marehemu.

"Samahani, mwanangu. Ulizaliwa mwaka gani?"

Binti alitaja mwaka, kisha akaomba asomewe tena. "Kumbe nilizaliwa, na bado akaenda mtoni," alisema akicheka. Baadaye sauti yake ikashuka. "Lakini aliniandika."

Kwa mwaka huo mmoja, mingine yote ikakaa mahali pake.

Ijumaa Mama Kutu aliingia kwenye kikao akisukuma kitoroli chenye majalada thelathini na manane, kila mwaka na lake. Mwenyekiti hakumpongeza. Alimwambia amtolee wiki ambayo maji yalibomoa ukuta wa soko, mwaka ambao yeye mwenyekiti alikuwa kidato cha pili. Mama Kutu alifungua jalada, akahesabu kwa kidole, akamwekea karatasi mbele. Sentimita 611.

"Na hilo boksi dogo?" mwenyekiti akauliza.

"Arobaini na moja ambazo sijui zinakaa wapi."

"Si ungezichomeka tu? Nani angejua?"

"Mimi ningejua. Na anayejenga daraja akizifuata, atajua siku likisombwa."

Mwenyekiti alivua miwani. "Pokeeni zote," alisema. "Hata hizo arobaini na moja. Ziandikwe hivyohivyo, kwamba hazijulikani."

Mama Kutu anaisimulia siku hiyo akiwa ameketi wima. "Sikusoma chuo kikuu," anasema. "Nina stashahada tu. Lakini kazi ya profesa yule ilikuwa imekufa kama yeye, na mimi ndiye niliyeiamsha. Hilo nalisema bila haya."

Sasa, wiki kadhaa baada ya kikao, hataki tena kusubiri misiba. Ameorodhesha maprofesa wastaafu kumi na mmoja walio hai, na anawatembelea mmoja mmoja na kamera, apige picha za meza na makabati yao huku wenyewe wakimweleza kipi kinakaa juu ya kipi na kwa nini. Wa kwanza, mzee wa miaka themanini na mitatu, alifungua mlango akamtazama juu mpaka chini.

"Mbona umewahi? Bado napumua."

"Ndiyo maana nimekuja sasa, baba. Ukiacha, nitamuuliza nani?"

Mzee alicheka, akampisha, na mazungumzo yakachukua saa nne.

Amekwisha kuonana na wanne. Wamebaki saba, na mkubwa wao ana miaka tisini na mmoja. Kesho asubuhi anaanza na huyo.