Ubeti wa Mama kwa Kijerumani

Mama alijifunza Kijerumani akichuma chai. Alipita katikati ya mistari ya michai na kikapu mgongoni, mikono ikikimbia juu ya majani kama kawaida, na mdomoni akitafuna maneno ambayo hakuna mtu kijijini kwetu Boito aliyewahi kuyahitaji. Akifika kwenye ile sauti ya kooni, ambayo Wajerumani huitoa kama ng'ombe aliyekwamwa na gunzi la mahindi, alisimama, akairudia mpaka akaridhika, kisha akaendelea kuchuma. Majirani wa shamba la pili walidhani ana kikohozi. Mmoja alimletea asali.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya chuo kikuu, nikingoja kazi. Miaka ile ya tisini tulikuwa wengi tuliokaa vijijini na digrii zetu, tukikamua ng'ombe na kubishana na redio. Nilikuwa nimesoma sosholojia, na tabia niliyotoka nayo ni kuuliza kila kitu: nani alikileta, kwa nini, na nani anafaidika. Kwa hiyo sikumwacha mama achume kwa amani.

"Mama, unaelewa unachoimba?"

"Mwalimu alitueleza. Ni mtu anamwomba Mungu asimwache peke yake."

"Si umwombe kwa Kipsigis chetu? Kwani Mungu anasikia Kijerumani zaidi?"

"Anasikia hata hicho Kiingereza chako. Sogeza kikapu."

Mambo yalikuwa hivi. Kulikuwa na okestra ya Nairobi iliyokuwa ikija kwetu kupiga muziki mtakatifu wa Kijerumani, mwingi wake kazi ya mtunzi mmoja aliyekufa zamani sana, ambaye nilisoma mahali kwamba alikuwa na watoto wengi kuliko mzee yeyote wa kijijini kwetu. Kanisa letu lilichaguliwa kwa sababu ni la mawe na ni kubwa, na kwa sababu mwalimu wa kwaya, mzee aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, alikutana na kiongozi wa okestra mjini Kericho na kumhakikishia kwamba waimbaji wake wanaweza kuimba chochote kilichoandikwa. Katika programu hiyo kulikuwa na wimbo wenye ubeti mmoja wa mtu mmoja. Mwalimu alimpa mama.

Ili uelewe uzito wa jambo hilo, lazima ujue kwamba katika maisha yangu yote mama aliimba sauti ya pili, ile ambayo watu huisikia tu ikikosekana. Alisimama safu ya nyuma, karibu na dirisha. Hakuna Jumapili hata moja ambayo mtu alitoka kanisani akisema, leo mama fulani ameimba. Na yeye hakuwahi kulalamika, ila tangu apewe ule ubeti alianza kulala mapema na kunywa maji ya moto, na mara mbili nilimkuta jikoni amesimama wima mbele ya kabati la vyombo, mikono imeshikana tumboni, akiwaimbia vikombe.

Mazoezi yalifanyika jioni, baada ya majani kupelekwa kituo cha kupimia chai na maziwa kukamuliwa. Kwaya yetu haikuwa na kinanda. Mwalimu aliandika noti ubaoni kwa herufi za do, re, mi, akafumba macho, akaitafuta do kooni mwake, akaitoa, na wote wakaishika. Maneno waliyapata kutoka kanda ambayo muuguzi mmoja Mjerumani, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kaplong, aliwasomea polepole kama mtu anayelisha mtoto. Nilikwenda mara moja kuwacheka. Nilikaa mpaka mwisho. Walikuwa wakiimba vizuri mno, na nikarudi nyumbani nimekasirika kidogo kwa sababu sikuwa nimepata la kusema.

Siku yenyewe, Jumamosi, basi la okestra lilifika asubuhi likiwa na tope hadi madirishani. Waliteremsha fidla za kila ukubwa, filimbi, tarumbeta, na ngoma mbili za shaba kama masufuria ya harusi. Walipanga viti, wakajaribu vyombo vyao, kisha kiongozi, mwanamume mwembamba aliyezoea kutiiwa, akainua kijiti na kuiashiria kwaya iingie.

Waliingia, na do yao ikagonga ukuta.

Do ya okestra ilikuwa juu. Si juu sana, lakini ilitosha. Mwalimu alikuwa mzee, na koo lake lilikuwa limeshuka pamoja na umri wake, na kwaya nzima ilikuwa imeshuka naye kwa miezi bila mtu kujua, maana hapakuwa na chombo cha kuwaambia. Waimbaji wa sauti ya kwanza walipanda mpaka wakabaki wakilia kama milango.

"Ngai!" alisema mama mmoja wa sauti ya kwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kapkatet, ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka Nyeri. "Hii do imepanda ngazi ya nani?"

Watu wakacheka, hata wapiga fidla. Kiongozi hakucheka.

"Mlijifunza kwa do gani?" akamwuliza mwalimu.

"Yangu," mwalimu akasema, bila aibu hata chembe.

Kiongozi akaeleza kwa upole kwamba vyombo vyote vimekazwa hivyo na haviwezi kushushwa leo. Kwaya ingejitahidi. Kisha akamwita mama ajaribu ubeti wake. Mama akajaribu. Mstari wa kwanza ulikwenda. Kwenye mstari wa juu sauti yake ilipasuka. Akajaribu tena, ikapasuka palepale. Mara ya mwisho aliisukuma kwa nguvu zake zote, na nilitamani niwe mahali pengine.

"Asante sana, mama," kiongozi akasema. "Basi ubeti huu ataimba huyu dada tuliyekuja naye. Wewe utatusaidia na kwaya, sawa?"

"Sawa," mama akasema, akarudi dirishani.

Nilimfuata nje wakati wa chakula. Alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya tangi la maji, akifuta tope kwenye viatu kwa jani. Sahani yake alinisukumia mimi.

"Unaona sasa?" nikaanza. "Wanakuja na muziki wao, na do yao, halafu wanawaambia nyinyi ndio mmekosea. Nani aliamua do ikae wapi?"

"Wacha siasa. Nifungie kola."

"Mama, hawakutendei haki."

"Yule dada anaimba vizuri," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, akiangalia viatu: "Lakini nilikuwa nimeshaujua wote."

Nilimfungia kola. Vazi la kwaya lilikuwa la rangi ya zambarau iliyoiva, kola nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe usiku uliotangulia, na niliona kwamba shingo yake imekaza kama ya mtu anayezuia chafya.

Tamasha lilipangwa kuanza saa tisa, saa ambayo kila mtoto wa kwetu anajua ni ya mvua. Kanisa lilijaa watu wenye makoti na miavuli, wageni wakasalimiwa, kiongozi akainua kijiti, na mvua ya mawe ikamwagika juu ya mabati kwa kishindo ambacho tarumbeta zote za Ujerumani zisingekiweza. Kijiti kikabaki hewani, kikashuka. Okestra ikakaa na vyombo mapajani. Sisi hatukuona shida. Watu waligeuka wakaongea na waliokuwa nyuma yao, habari za ng'ombe na za bonasi ya chai, wakinamama wakapitishiana watoto. Mpiga fidla mmoja kijana alionekana kushangaa kwamba hakuna aliyeondoka. Nani angeondoka kwenye mvua ile?

Ilipoisha wakaanza, na lazima niseme ukweli: nilijitahidi nisiupende muziki ule, nikashindwa. Nilijaribu kuuchunguza. Sauti moja ilianza, ya pili ikaifuata na maneno yaleyale, ya tatu ikaingia kabla ya hizo mbili kumaliza, na badala ya kuwa fujo ikawa kama watu watatu wanaochuma shamba moja bila kugongana. Nikajiuliza ni nani aliyekaa chini akapanga hivyo, na alikuwa anaamini nini, na kama mtu asiyeamini ana ruhusa ya kufurahi kiasi hiki. Watu hawakujua wapige makofi lini. Mzee mmoja akasema "Amina," na kuanzia hapo kila kipande kilipoisha tukasema Amina, na wapiga filimbi wakawa wanatusubiri tumalize.

Kisha ikafika zamu ya ule wimbo. Yule dada kutoka Nairobi akasimama, mrefu, ametulia, akauanza ubeti wa mama.

Kilichotokea hakingetokea Nairobi. Muziki wa wimbo ule uko kwenye kitabu chetu cha nyimbo, kwa maneno ya Kipsigis, tangu enzi za wamisionari. Kwaya walijua, ila hakuna aliyefikiri kuwaambia wageni, kwa sababu hakuna aliyeona kuna la kuwaambia. Na kwetu, wimbo wa kitabuni ukianza kanisani, husikilizi. Unasimama, unaimba. Kumwacha mgeni aimbe peke yake ni kama kumwacha ale peke yake.

Bibi mmoja wa benchi la mbele alisimama kwenye mstari wa pili. Benchi lake likafuata, kisha lililo nyuma yake, na kufikia mstari wa tatu kanisa zima lilikuwa wima likiimba kwa Kipsigis. Kiongozi akageuka, macho yamemtoka, akatandaza kiganja kutuashiria tukae. Watu wakafikiri anawaongoza, wakaongeza sauti. Yule dada alitabasamu, akaendelea na Kijerumani chake katikati ya mawimbi yetu. Nilimpenda kwa hilo.

Ubeti ukaisha. Okestra ikanyamaza, kiongozi akafuta uso kwa leso, akingoja watu wakae ili aendelee. Hawakukaa. Kwetu wimbo hauishi kwa sababu kitabu kimeisha. Ukiwa umewagusa watu, wanabaki wamesimama mpaka mmoja auinue tena, aanzie pale koo lake lilipo, na wengine wamfuate. Kwa kawaida huwa ni mmoja wa wakinamama wakongwe wa mbele. Tukangoja.

Sauti ilitoka nyuma, karibu na dirisha.

Mama aliuinua kwa do ya mwalimu, chini palepale walipozoea. Na aliuinua kwa Kijerumani. Watu wakafungua vinywa kumfuata, wakakuta hawana maneno, wakavifunga. Hivyo akaimba peke yake, kanisa zima likiwa limesimama, ubeti wote. Sauti yake haikuwa nzuri kama ya yule dada. Ilikuwa na mikwaruzo, sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Lakini ilijua inakokwenda. Kwenye mstari wa juu nilishika ukingo wa benchi, na yeye akaupita kama mtu anayepita mlangoni kwake. Kiongozi alikuwa ameweka kijiti juu ya karatasi zake. Mpigaji wa ile fidla kubwa inayoshikwa kwa magoti aliinamisha kichwa, akamtafuta mama kwa kidole kwenye uzi, akampata, akakaa na noti moja ndefu chini yake mpaka mwisho.

Tulisema Amina. Halafu vigelegele, na yule mama wa duka la Kapkatet akamkumbatia mama mpaka kola ikapinda.

Wakati wa chai kiongozi alikuja na kikombe mkononi. "Mama, ulikuwa umelipanga hilo?"

"Watu walikuwa wamesimama," mama akamjibu. "Mtu hawezi kuwaacha watu wamesimama bure."

Kiongozi akamwomba amfundishe yule dada mahali anapovuta pumzi kabla ya mstari wa juu, na wanawake hao wawili wakaenda kando, mama akionyesha kwa mkono kifuani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, njia ikiteleza, michai imeoshwa na kung'aa pande zote mbili. Nilikuwa na maswali mengi, na nilianza kuyapanga. Mama alikuwa ameinua vazi kwa mikono miwili lisiguse tope.

"Nilipumua mahali pabaya," akasema. "Katikati ya neno. Ulisikia?"

"Sikusikia kitu. Ulikuwa sawa kabisa."

"Basi hukuwa unasikiliza," akasema, na akaanza tena ubeti tangu mwanzo, akitembea, ili anionyeshe ni wapi hasa.