Bosi Ameenda Ushago

Jana, River Road, fundi aliwasha televisheni kuukuu, na harufu ya vumbi linaloungua ikanirudisha kwenye kibanda cha video Kangemi. Kaka yangu ndiye aliyeshika maikrofoni, akitutafsiria filamu za majambazi. Kila bosi alimpa jina la mtaani na mama wa kumsubiri, kwa hiyo akipigwa risasi, sisi wasichana tulilia, naye kaka akatukemea kwenye maikrofoni:

"Nyamazeni! Hajafa, ameenda ushago, kijijini kwa mamake. Krismasi atarudi."

Baadaye kaka mwenyewe alianza kuvaa koti refu kama la bosi. Asubuhi moja akatoka nalo, na hatujamwona tena.

Kwenye televisheni ya fundi, mtu mwenye koti akaanguka.

"Huyo ameisha, madam," fundi akacheka.

"Hajafa," nikamkaripia. "Ameenda ushago."