Mkaratusi Uliolala Kitandani

Mpasua mbao alikuwa mume wa kwanza mtaani kulala na mkaratusi katikati yake na mkewe, tena si kwa kupenda. Tufani ilipopita, mti mkubwa kuliko yote shambani kwake uling'oka nusu, ukaiponda mashine yake ya kupasulia mbao pale uani, ukavunja ukuta wa chumba na kujinyoosha kitandani bila hata hodi. Bahati yao walikuwa jikoni.

Kesho yake gari la serikali likapita na kipaza sauti. Wenye mashamba na wenye biashara za mbao watalipwa fidia, ila mtu asiguse kitu mpaka mkaguzi aione hasara kwa macho yake. Mpasua mbao akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Bila fidia hakuna mashine, na bila mashine hana kazi, atabaki kutazama mabati tu.

"Baba watoto, tuutoe huu mti," mkewe akasema.

"Ukiutoa, ujue umeitoa na mashine."

Basi wakaishi nao. Mashati yalianikwa matawini. Wakigombana, waligombana juu ya gogo, kila mtu upande wake, na kupatana ndiko kulikuwa na shida zaidi. Miezi ikaenda. Mke akazoea kumwaga maji ya vyombo pale ukuta ulipobomoka, kwenye mizizi iliyobaki ardhini, maana ndiko kulikuwa karibu.

Hatimaye mkaguzi akaja. Akavua buti mlangoni kwa adabu zake, akaingia chumbani, akainama, akashika jani changa.

"Huu mti unachipua."

"Umeanguka, bwana mkubwa," mpasua mbao akasema.

"Umelala. Fidia ni ya miti iliyokufa, na huu ni mzima kuliko ile ya ofisini kwetu."

"Na mashine je? Iko chini yake."

"Nitalipiaje kitu nisichokiona?"

"Basi niukate, uione."

"Kukata mti mzima kunataka kibali. Na kibali hupewa mwenye mashine inayofanya kazi."

Mpasua mbao akakaa upande wake wa kitanda. Miezi yote hiyo ameulea mti uliomvunjia mashine kama anavyouguzwa mgonjwa, na sasa umepona. Machozi yakamlenga, na hakuona haya.

 Mkewe akainama uvunguni, akaburuta ule msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili, ambao walikuwa wakiutumia kuchumia riziki walipooana, kabla ya mashine. Ulikuwa na kutu na utando wa buibui. Akapanda kitandani upande wake, akamsukumia mumewe mpini wa pili juu ya gogo.

"Mama, kibali," mkaguzi akaanza.

"Kaka, shika hilo tawi lisitupige."

Mkaguzi akalishika, amesimama na soksi zake tu.

Mpasua mbao akatazama. Gogo katikati, mke kule, yeye huku. Kumbe muda wote ule walikuwa wamelala mkao wa kazi, wakisubiri serikali.

"Vuta, baba watoto," mkewe akasema.

Akavuta.